Mtama Mwekundu wa Kuku wa Krismasi

Vijana wangu wa Witeithie na Gitothua mnaofuga kuku wa nyama, kila nikikaa nje ya duka la mjukuu wangu lazima mmoja wenu asimamishe pikipiki aniulize swali lilelile. "Guka, mahindi imepanda bei mbaya. Nikiwekea kuku mtama iko sawa?" Mnaniita guka, yaani babu kwa Kikuyu, ingawa mimi ni Mkamba, na nimeshazoea. Shida ni kwamba nikianza kujibu mnatoa simu. Basi nimeamua kuandika, ili mwenye haja asome na asiyetaka akanunue gunia la dukani.

Jibu fupi ni kwamba mtama unafaa, tena sana. Jibu refu lina mtu ndani yake, na huyo mtu karibu apoteze kila kitu kwa sababu ya mtama.

Kazi ya kuku niliianza siku za Imajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, kwenye shamba la Mzungu mmoja upande wa Ruiru, si mbali na hapa mlipojenga nyumba zenu za mabati. Neno broiler lilikuwa halijatufikia. Sisi tuliwaita kuku wa hoteli: jogoo wachanga, weupe wenye shingo nyeusi, waliofungiwa na kulishwa hadi wanone, kisha wakapelekwa Nairobi wakaliwe na watu waliovaa tai. Hawakukua upesi kama hawa wenu wanaolala vifaranga na kuamka majogoo. Wetu walichukua miezi, na kila wiki ya hiyo miezi walitaka kula.

Mwenye shamba tulimwita Kihara, yaani mwenye upara, na nadhani alijua. Yeye alikuwa mtu wa kahawa na ng'ombe. Kuku walikuwa wa mke wake, Memsaab, mwanamke mrefu mwembamba aliyevaa suruali ya mumewe na kupima kila kitu. Alipima kuku, alipima chakula, alipima maji. Alijua kazi yake, na hilo nalisema wazi kwa sababu najua hadithi mnazozitaka kuhusu Wazungu wa zamani. Yule alijua.

Stoo ya chakula ilikuwa chini ya mzee Kariuki. Alikuwa mfupi, mwenye koti la jeshi alilovaa jua liwake au mvua inyeshe, na alikuwa na pua. Angeingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kwapa, autoe, anuse vidole, kisha aseme, "Hii ilinyeshewa safarini." Dereva wa lori angeapa kwa mama yake mzazi. Tungemwaga gunia, na katikati tungekuta donge la mahindi yenye ukungu. Mpaka leo mimi sinunui nafaka bila kuingiza mkono hadi katikati ya gunia, kwa maana juu ya gunia kila nafaka ni nzuri.

Siku yangu ya kwanza alinipa beleshi, akanionyesha lundo: mahindi yaliyosagwa, pumba ya ngano, mashudu, unga wa samaki, unga wa mifupa, chumvi. Akaniambia nichanganye. Nilichanganya kwa nguvu za ujana, jasho likanitoka, nikasema nimemaliza. Akachota makaa yaliyosagwa, akayatupa juu ya lundo, akasema, "Sasa changanya tena. Ukiona mahali nyeusi na mahali nyeupe, hujamaliza, Mkamba."

Nilipindua lile lundo hadi mikono ikawa haihisi kitu, na bado kulikuwa na mistari myeusi. Ndipo akanifundisha. Vitu vidogo havitupwi kwenye lundo kubwa. Chumvi na mifupa uvichanganye kwanza na debe moja la pumba, hilo debe ulichanganye na madebe kadhaa, na hayo ndiyo uyapeleke kwenye lundo. Kisha upindue kutoka pembeni kwenda katikati, si kukoroga kama ugali. Makaa hayawadhuru kuku, na yanakuonyesha uongo wako mwenyewe. Nyinyi wa kuchanganyia chakula kwenye sakafu ya choo kipya, jaribuni hivyo mara moja tu. Mtaona ni kwa nini kuku wenu wengine wanaharisha na wengine hawana hata nguvu ya kusimama. Kuku aliyeokota chumvi yote na kuku aliyekosa kabisa wanakula kwenye sahani moja.

Kuhusu samaki, Kariuki alikuwa na sheria ya ulimi. Kabla sijafika, mfanyabiashara mmoja alikuwa amewaletea dagaa waliokaushwa kwa chumvi nyingi. Kuku walikunywa maji mchana kutwa, maranda chini yakalowa kama shamba la mpunga, na wengi wakafa. Tangu siku hiyo hakuna samaki aliyeingia stoo bila kulambwa. Mimi ndiye niliyekuwa mlambaji mdogo. Nililamba dagaa, nililamba mifupa, nikazoea mpaka siku moja nikajikuta nimelamba chokaa. Wachuma kahawa walinicheka msimu mzima.

Mashudu tulichukua kwenye kinu cha mafuta kule Thika. Ya alizeti ni mazuri kama maganda si mengi: vunja kipande, ukiona vibanzi vyeusi vingi kuliko unga, hayo ni kuni. Ya pamba ni rahisi kupatikana lakini yana sumu kidogo ndani yake, kwa hiyo kuku wa nyama wape kwa mkono wa bahili. Wale wa mayai usiwape kabisa. Wakati mmoja yalikwenda kwa kuku wa mayai, na baada ya mayai kukaa siku kadhaa, Memsaab akapasua moja mbele ya wageni wake. Kiini kilikuwa cha rangi ya matope ya mtoni. Wageni walikunywa chai kavu asubuhi hiyo.

Na damu. Damu tulichukua kichinjioni, tukaichemsha hadi ikagandamana, tukaianika, tukaitwanga. Hakuna chakula kinachokuza misuli ya kuku kama damu, na hakuna kazi inayokufukuzia marafiki kama hiyo. Mbwa walinifuata kutoka kichinjioni hadi shambani. Kanisani benchi yangu ilikuwa na nafasi siku zote.

Haya yote yanawafaa nyinyi, kwa maana mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Lakini mwaka ninaotaka kuwasimulia mahindi yalikosekana.

Mvua ndefu zilikuwa zimekataa. Mahindi machache yaliyopatikana yalikuwa ya posho, na Kihara alikuja stoo akasimama mlangoni na kutoa amri kwa Kiswahili chake cha shambani. "Mahindi ni ya watu. Hapana ya kuku. Memsaab nataka kuku, mimi sawa. Lakini Krismasi hoteli hapana chukua kuku kidogo-kidogo. Kama kuku hapana kuwa kubwa, mimi funga hii kazi. Hapa mimi taweka ng'ombe."

Alisema hivyo kisha akaenda zake, kwake ilikuwa hesabu ya shamba tu. Kwangu pia isingekuwa msiba. Mimi ningefukuzwa ningeshuka kwetu upande wa Ngoliba, nilale kwa shangazi yangu hadi nipate kazi nyingine. Lakini Kariuki alikuwa Mkikuyu, na nyinyi mliozaliwa juzi hamjui maana yake siku zile. Mkikuyu asiye na mwajiri upande huu hakuwa na ruhusa ya kukaa. Alipakiwa kwenye lori yeye na mke na watoto, akapelekwa rizavu, kule walikotengewa Wakikuyu, kwenye vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, ambako watu walikuwa wakila kwa zamu. Na Kariuki hakuwa na mahali hata huko. Kipande cha ardhi cha baba yake kilikuwa kimechukuliwa. Ile nyumba ya udongo nyuma ya stoo, ya kupewa na shamba, ndiyo iliyokuwa kwao, na watoto wake wanne walizaliwa humo.

 Kihara alipoondoka, Kariuki alifunga vifungo vya lile koti lake, akaniambia, "Tutatafuta nafaka ingine."

Memsaab ndiye aliyetaja mtama. Alisema kwingine duniani kuku wanalishwa mtama na wananona vizuri, na alisema kweli. Mtama mweupe ni karibu sawa na mahindi. Basi wakapanga safari ya kwenda kule chini kwetu, kwenye joto, kununua. Kariuki alipanda nyuma ya lori na barua ya Kihara mfukoni, maana bila barua asingefika hata Thika. Mimi sikwenda, nilibaki kuwalisha kuku.

Walirudi jioni na lori limejaa. Kariuki aliruka chini kama kijana. Akafungua gunia la kwanza, akatumbukiza mkono, akanusa, akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona meno yake yote.

"Angalia, Mkamba. Angalia hii mtama ya kwenu. Kulikuwa na ingine nyeupe, lakini ile ilikuwa imedonolewa na ndege, nusu ni makapi. Nikawaambia hapana, leta hii nyekundu. Mashuke yote mzima! Hakuna ndege imegusa hata moja!"

Ulikuwa mtama mzuri kwa macho, mwekundu wa kahawia, mzito, mkavu, bila fukusi. Mimi niliondoka kwetu nikiwa mdogo kwenda kuchunga ng'ombe za watu, sikulima mtama kamwe. Niliusifu pamoja naye. Tukausaga, tukachanganya, tukaweka makaa, tukapindua hadi rangi ikawa moja.

Kuku walidonoa, wakaacha. Wakarudi kwa sababu ya njaa, wakala kidogo. Wiki zilivyopita, Memsaab aliwatundika kwenye mizani, akatazama, akawatundika tena. Hawakuwa wanaumwa. Macho yalikuwa maangavu, choo kilikuwa sawa. Walikataa tu kukua. Walikuwa na miguu mirefu na vifua kama visu, na manyoya yamesimama kama ya kuku aliyenyeshewa. Tuliongeza mashudu. Tuliongeza damu. Chakula kizuri kilipita ndani yao kikatoka nje bila kuacha kitu.

Kihara alipita siku moja, akachungulia ndani ya banda, akaondoka. Hapo Kariuki alianza kukonda yeye. Alikuwa wa kwanza kufika stoo na wa mwisho kutoka. Nilimkuta mara nyingi ameshika punje za mtama kiganjani anazigeuzageuza, na mimi roho iliniuma. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Ndipo nikapata ruhusa ya Jumapili kwenda kumwona shangazi yangu Kalekye. Nilimkuta anapepeta. Alinipa uji, akaniuliza habari za kazi, nami nikamweleza kwamba kuku wetu hawakui na Krismasi inakuja.

"Mnawapa nini?"

"Mtama, shangazi. Wa huku huku kwetu. Ule mwekundu."

Aliacha kupepeta. "Mwekundu? Nani alikuambia mwekundu?"

"Ni mzee wetu wa stoo alichagua. Alisema ni mzuri kwa sababu ndege hawajaugusa."

Shangazi aliweka ungo chini. Alicheka, akajaribu kunyamaza, akacheka tena mpaka akashika mbavu. "Aiya! Mwana wa ndugu yangu! Na wewe unajiita Mkamba! Unafikiri ni kwa nini tunaupanda? Tunaupanda kwa sababu ndege hawautaki! Ule mweupe lazima watoto washinde shambani na kombeo. Huu mwekundu mchungu, ndege akionja anatema. Sasa nyinyi mmechukua mtama unaokataliwa na ndege, mmeupakia kwa lori, mmewapelekea ndege!"

Ningekuwa na mahali pa kujificha ningejificha. Lakini nilikumbuka uji niliokuwa nimeshika. Ulikuwa mwekundu. Ulikuwa mtamu.

"Na huu je, shangazi?"

"Huo ni huohuo. Lakini haupikwi hivyo hivyo. Unalowekwa kwa maji ya majivu usiku kucha, asubuhi unaoshwa mpaka maji yatoke safi, unaanikwa, ndio unasagwa. Mtoto akila bila majivu tumbo linafunga na hanenepi hata umpe maziwa."

Hanenepi hata umpe maziwa. Hapo nilielewa ule mtama ulikuwa unafanya nini. Siku hizi mnaambiwa na mabwana mifugo kwamba kuna kitu kichungu ndani ya mtama wa rangi nyeusi-nyekundu kinachoshika protini ili isiingie mwilini. Shangazi hakukijua jina, na mimi mpaka leo nalisahau. Ila jueni kwamba mtama mweupe mnaweza kutumia bila wasiwasi, na mwekundu mpaka uoshwe kwa majivu.

Nilirudi Ruiru nikiwa na furaha na hofu. Furaha kwa sababu tulikuwa na dawa. Hofu kwa sababu ilibidi nimwambie Kariuki kwamba aliyechagua vibaya ni yeye.

Nilimwambia stoo, tukiwa wawili. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye ndege, alifumba macho.

"Ngai," alisema. "Nilisifu huyo ndege kwa kukosa kugusa."

Halafu akainuka. Nilidhani ataniambia tuanze kuloweka kimyakimya na tumwambie Memsaab kwamba kuku wamepona wenyewe. Mimi ndivyo ningefanya. Yeye alisema, "Mficha uchi hazai. Twende kwa Memsaab."

Alimweleza kila kitu amesimama barazani, kofia mkononi. Memsaab hakupiga kelele. Aliuliza maswali: majivu ya miti gani, maji kiasi gani, mtama unakaa muda gani. Kisha akasema ni wazo zuri, na kwamba alikuwa ameanza kuushuku ule uchungu yeye mwenyewe. Lakini akataka kufanya majaribio sawasawa: nusu ya kuku wapewe mtama wa majivu, nusu waendelee na ule wa kawaida, tuone tofauti.

Ilikuwa akili nzuri. Mtu wa vipimo angesema nini kingine? Lakini nilimwona Kariuki akikunja kofia hadi ikawa kama kitambaa cha kuoshea vyombo.

"Memsaab," alisema, "hiyo nusu ingine itabaki nyembamba. Bwana akija, ni hiyo nusu ataona. Na mimi ndio ataweka kwa lori. Si mtama."

 Sidhani kama Memsaab alikuwa amewahi kulifikiria lile lori. Kwake kuku walikuwa kuku. Akasema, "Basi wachache tu, katika kizimba kidogo. Wengine wote wapewe majivu."

Kazi iliyofuata ndiyo ngumu kuliko zote nilizofanya kwa kuku. Majivu tuliyaomba jikoni kwa kila mfanyakazi. Wanawake waliuliza kama tumeanza kuyala. Tulikata mapipa katikati, tukaloweka, tukabeba maji ya mto kwa madebe kuosha. Vitanda vya kuanikia vilikuwa vimejaa kahawa, kwa hiyo tulianika mtama juu ya magunia na juu ya mabati ya stoo. Na hizo ndizo siku za mvua fupi. Wingu likionekana upande wa Thika, Kariuki alipiga kelele na sote tukakimbia kukusanya.

Mvua ilitushinda siku nyingi. Ikabidi mtama uliolowa tuupondeponde hivyo hivyo, tuuchanganye na pumba kavu na kuwapa kuku siku hiyohiyo. Hilo mliweke kichwani: chakula chenye unyevu ni kizuri na kuku wanakipenda, lakini kisilale. Jioni kilichobaki tupa shimoni, hata kama moyo unakuuma. Kikilala kinachacha, na kuku akila kilichochacha utamzika.

Siku chache baadaye walianza kula. Ilisikika kabla ya kuonekana. Ukisimama nje ya banda asubuhi ulisikia midomo kwenye mbao za vihori, kama mvua ya mawe madogo. Kariuki alikuwa anasimama hapo anasikiliza, mikono ndani ya koti. Vifua vikaanza kujaa. Wale wa kizimba kidogo walibaki vilevile, na Memsaab alikuwa akiwaleta wageni kuwaonyesha.

Kulibaki wiki chache, na uzito bado haujatosha. Memsaab akataka tuongeze unga wa samaki, kwa sababu hakuna kinachokimbiza uzito kama samaki. Hapo Kariuki alikataa, na alikataa kwa sauti. "Mwaka jana hoteli ilirudisha kuku, mpishi akasema zinanuka kama soko ya samaki. Samaki inaingia kwa mafuta ya kuku. Lazima iondolewe mapema kabla ya kuchinja."

Memsaab alikumbuka, akakubali. Tukaondoa samaki kabisa, tukaziba pengo kwa damu na mashudu ya alizeti, na mimi nikarudi kichinjioni na mbwa wangu nyuma. Ilikuwa hatari, maana uzito ungeweza kupungua. Ilikuwa kuchagua kati ya kuku mwepesi na kuku anayenuka, na wote wawili wangempeleka Kariuki kwenye lori.

Siku ya kupima, Kihara alikuja mwenyewe na kijiti chake mkononi. Memsaab alitundika mizani kwenye boriti la stoo. Mimi nilikamata, nikafunga miguu, nikatundika. Memsaab alisoma uzito kwa sauti. Kariuki hakutazama. Alisimama ametugeuzia mgongo, anafagia sakafu iliyokuwa safi.

Wa kwanza alifika uzito uliotakiwa na hoteli. Wa pili akafika na zaidi. Kulikuwa na wachache waliopungua, Memsaab akawaweka kando. Tuliendelea hadi matundu ya kupelekwa hotelini yakajaa yote. Kihara aliingiza kidole chini ya bawa la kuku mmoja, akabonyeza kifua chake, akaguna.

"Januari vifaranga ingine nakuja," alisema. "Osha banda."

Ni hayo tu. Akaenda kwa ng'ombe wake.

Kariuki aliketi juu ya gunia, ufagio mapajani. Machozi yalimtoka waziwazi, hakuyafuta. Sikuwa nimewahi kuona mwanamume wa umri wake akilia na nilitaka kutoka nje. Akaniambia, "Nenda umwambie mama Njoki."

Mama Njoki ni Nyambura, mke wake. Nilikimbia hadi ile nyumba nyuma ya stoo. Miezi yote hiyo nilikuwa nikipewa chai pale, kila mara nje, kwenye gogo, na sikujiuliza ni kwa nini siku hizi sikaribishwi ndani. Safari hii nilisukuma mlango.

Ndani hamkuwa na kitu. Kitanda kilikuwa mbao tupu. Sufuria, nguo, blanketi, taa, kiti cha watoto, vyote vilikuwa vimefungwa mzigo mmoja mkubwa katikati ya nyumba, umekazwa kwa kamba ya mkonge. Watoto walikuwa wamekaa juu yake. Kumbe mzee aliyekuwa akiosha mtama nami bila haraka alikuwa analala kila siku kwenye mbao, nyumba yake imeshafungwa ikingoja lori.

Nyambura hakunisalimia. "Wamepima?"

"Wamepima wote, mama. Bwana amesema vifaranga wengine wanakuja Januari. Tumeambiwa tuoshe banda."

Aliwashusha watoto mmoja mmoja. Akapiga magoti akaanza kufungua fundo. Lilikuwa limekazwa sana, na kamba ilikuwa imekauka. Nilimwona anahangaika, nikatoa kisu changu cha kukatia magunia nimsaidie.

Alinishika mkono.

"Usikate."

Alilifungua lile fundo kwa vidole na meno, na mafundo mengine yote, na ilimchukua muda. Akatoa sufuria akampa Njoki akateke maji. Kisha akaikunja kamba vizuri, mviringo juu ya mviringo, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali ambapo mkono unafika bila kutafuta.